Maumivu Sugu ya Kichwa na Tiba ya Viungo: Mwongozo kwa Waamini na Familia



Katika utume wetu wa kuwatembelea wagonjwa majumbani na kuwapokea waamini maofisini, tunakutana mara kwa mara na watu wanaoishi na maumivu ya kichwa kwa miezi, hata kwa miaka. Wengi wao ni akina mama. Wamezoea kujifunga kanga kichwani, kumeza vidonge viwili na kuendelea na kazi. Baadhi wameambiwa kwamba wamerogwa, wengine kwamba wana mapepo, na wengine kwamba wanajidekeza tu. Ni wachache mno waliowahi kuambiwa kwamba chanzo cha maumivu yao huenda kiko shingoni, na kwamba ipo tiba isiyo ya vidonge wala ya kisu, ifanywayo kwa mikono ya mtaalamu na kwa mazoezi ya mgonjwa mwenyewe.

Tiba hiyo ndiyo fiziotherapia, ambayo wengi huiita tiba ya viungo au mazoezi tiba. Makala hii inakusudia kueleza ni maumivu gani yanayoweza kusaidiwa nayo, mgonjwa afanye nini, na Mama Kanisa anatufundisha nini mintarafu utunzaji wa mwili. Haichukui nafasi ya daktari. Inamsindikiza mgonjwa hadi mlangoni pake.

Maumivu sugu ni yapi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.1, yaani takriban asilimia 40 ya watu wote duniani, walikuwa na maradhi ya maumivu ya kichwa. Walio wengi hupatwa mara moja moja. Maumivu huitwa sugu pale yanapomjia mtu siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa muda unaozidi miezi 3. Aina zake kuu ni hizi:

1. Maumivu ya mkazo. Hubana kichwa pande zote mbili kana kwamba kimefungwa mkanda. Mara nyingi misuli ya shingo na mabega huwa migumu na huuma ikibonyezwa.

2. Kipandauso. Hugonga kwa mapigo, mara nyingi upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kuchukizwa na mwanga au kelele. Kisipotibiwa huweza kudumu kati ya saa 4 na saa 72.

3. Maumivu yatokayo shingoni. Huanzia shingoni au kisogoni, kwa kawaida upande mmoja, yakapanda hadi kwenye paji la uso au nyuma ya jicho. Huongezeka mtu anapogeuza shingo au anapokaa muda mrefu katika mkao mmoja, na shingo yenyewe huwa haigeuki vizuri.

4. Maumivu yaletwayo na wingi wa dawa. Haya tutayaeleza peke yake hapo chini.

Mtu mmoja aweza kuwa na aina mbili kwa pamoja. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kupimwa: daktari amsikilize mgonjwa, apime shinikizo la damu, malaria na macho pale inapobidi, ndipo aseme ni ugonjwa gani.

Kwa nini shingo iumize kichwa?

Shingo ya mwanadamu ina pingili 7. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye pingili za juu kabisa huingia mahali palepale, chini ya ubongo, panapoingia mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia uso, macho na paji. Ni kama mito miwili inayoungana kabla ya kufika ziwani: aliyeko ziwani huona tope, lakini hajui limeletwa na mto upi. Vivyo hivyo, ubongo hupokea taarifa ya maumivu kutoka kwenye kiungo cha shingo kilichokaza, nao huyasikia maumivu hayo kana kwamba yako kwenye jicho au kwenye paji la uso.

Tena shingo hubeba mzigo usiopumzika. Kichwa peke yake kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa wima juu ya mabega, uzito huo hubebwa kwa urahisi. Kikiinamishwa mbele, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kwa nguvu iliyo kubwa mara kadhaa. Tumfikirie fundi cherehani aliyeinama tangu asubuhi, mwalimu anayesahihisha madaftari usiku, mkulima mwenye jembe la mpini mfupi, na kijana anayetazama simu yake hadi usiku wa manane. Tumfikirie pia mama anayejitwika ndoo ya maji ya lita 20: juu ya kichwa chake ameweka kilo 20, naye huirudia safari hiyo mara kadhaa kwa siku. Tuongeze hofu, msiba au madeni, ambavyo humfanya mtu akaze taya na kupandisha mabega pasipo kujua. Katika mazingira ya namna hiyo, si ajabu shingo ikalalamika kupitia kichwa.

Dalili zinazohitaji hospitali mara moja

Kabla ya kusema lolote juu ya mazoezi, ni lazima tuseme hili kwa mkazo wote. Yapo maumivu ya kichwa yasiyopaswa kusubiri, wala kukandwa, wala kuombewa nyumbani tu. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa endapo:

- maumivu yamekuja ghafla, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata maishani;
- yameambatana na homa na shingo kukakamaa, kwani huenda ni homa ya uti wa mgongo;
- ana udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo umepinda, maneno hayatoki vizuri, au macho yamepoteza nuru;
- amepatwa na degedege, amechanganyikiwa au amepoteza fahamu;
- maumivu yameanza baada ya kuanguka, ajali au kupigwa kichwani;
- ni mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, hasa kama shinikizo la damu limepanda, miguu imevimba au anaona marue;
- ni mtu mwenye virusi vya UKIMWI au saratani, naye ameanza kuumwa kichwa kwa namna mpya;
- ana umri wa zaidi ya miaka 50 na hajawahi kuwa na maumivu ya namna hiyo;
- maumivu yanazidi juma hadi juma, au humwamsha usiku pamoja na kutapika.

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, kinasimulia juu ya mtoto wa yule mama Mshunami. Akiwa shambani pamoja na wavunaji, alimlilia baba yake kwamba kichwa kinamuuma. Akachukuliwa kwa mama yake, na kufikia adhuhuri alikuwa amefariki magotini pake. Mama yule hakukaa akilia tu. Alipanda punda na kuharakisha kwenda kutafuta msaada kwa Elisha. Haraka ile ya mama ni funzo kwa kila mzazi na kila mlezi.

Vidonge vinapogeuka kuwa chanzo

Dawa za kutuliza maumivu ni zawadi njema zinapotumiwa kwa kiasi. Lakini mtu anayemeza dawa za kawaida, kama vile parasetamoli au ibuprofeni, siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi 3, yumo hatarini kupata maumivu mapya yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa dawa zilizochanganywa na kafeini au kodeini, hatari huanzia siku 10 kwa mwezi. Hapo huzuka mzunguko mbaya: dawa ikiisha nguvu mwilini, kichwa huuma, mgonjwa humeza tena, na kesho yake huamka na maumivu yaleyale. Zaidi ya hayo, dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Tunawashauri waamini wafanye jambo jepesi: waweke daftari dogo, na kila siku waandike kama kichwa kimeuma, kimeuma wapi, walikuwa wakifanya kazi gani na wamemeza nini. Daftari la mwezi mmoja humsaidia daktari sana. Anayejiona amekwisha kuingia katika mzunguko huo asiache dawa zote kwa ghafla peke yake. Siku za kwanza za kuacha maumivu huweza kuzidi, na zipo dawa ambazo huhitaji kupunguzwa polepole chini ya uangalizi.

Mtaalamu wa fiziotherapia hufanya nini?

Mtaalamu huanza kwa kuuliza na kupima. Hutazama jinsi mgonjwa anavyosimama na kukaa, hupima shingo inageuka kiasi gani kila upande, na hubonyeza misuli na viungo vya juu ya shingo ili aone kama maumivu yale yale ya kichwa yataamka. Yakiamka, amepata fununu kubwa ya chanzo.

Kisha hutibu kwa njia tatu zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni mikono: hulegeza misuli iliyokaza na kuvisogeza viungo vya shingo taratibu. Ya pili ni mazoezi ya kuimarisha misuli midogo iliyo ndani ya shingo pamoja na ile inayoshikilia mabega. Misuli hii ikidhoofu, ile ya nje hufanya kazi isiyo yake na kuchoka. Ya tatu ni kurekebisha mwenendo wa kila siku: kimo cha meza, unene wa mto wa kulalia, namna ya kubeba mizigo, na muda wa kupumzika.

Mwaka 2002 mtafiti Gwendolen Jull na wenzake wa nchini Australia walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusu watu 200 wenye maumivu ya kichwa yatokayo shingoni. Tiba ilidumu majuma 6. Waliotibiwa kwa mikono na waliopewa mazoezi maalumu, wote walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa tiba hizo, na nafuu hiyo ilikuwa ingalipo walipopimwa tena baada ya miezi 12. Mazoezi yenyewe yalikuwa mepesi, yasiyohitaji nguvu nyingi. Kilichohitajika ni kuyarudia kila siku.

Yatupasa kuwa wakweli kuhusu mipaka ya tiba hii. Husaidia zaidi maumivu yatokayo shingoni na yale ya mkazo. Kwa mwenye kipandauso huweza kupunguza ugumu wa shingo na adha inayoambatana nao, lakini haichukui nafasi ya dawa alizoandikiwa. Wala si tiba ya siku moja: anayekwenda mara moja na kuacha mazoezi asishangae maumivu yakirudi.

Aidha, tunawaonya waamini juu ya mazoea yaliyoenea katika baadhi ya saluni za kunyolea, ambapo kinyozi humzungusha mteja shingo kwa nguvu hadi isikike ikilia. Ndani ya shingo hupita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Mshipa huo ukichanika, mtu huweza kupatwa na kiharusi. Shingo iguswe na aliyesomea.

Hospitali nyingi za rufaa nchini Tanzania zina kitengo cha fiziotherapia. Miongoni mwake ni Bugando jijini Mwanza, iliyo mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, KCMC mjini Moshi, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Aliye mbali aulize kwanza katika hospitali ya wilaya au ya mkoa wake.

Mazoezi mepesi ya nyumbani

Yafuatayo yanafaa kwa mtu aliyekwisha kupimwa na kuambiwa kwamba hana dalili za hatari. Yafanyike polepole, bila kulazimisha. Yakileta kizunguzungu, ganzi mikononi au maumivu makali, yaachwe na mtaalamu aulizwe.

1. Kurudisha kidevu. Keti wima, macho yakitazama mbele. Vuta kidevu nyuma taratibu bila kuinamisha kichwa, kana kwamba unajitengenezea kidevu cha pili. Shikilia sekunde 5, legeza. Rudia mara 10.

2. Kuitikia ukiwa umelala. Lala chali pasipo mto mnene. Itikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesema ndiyo, bila kukiinua kitandani. Shikilia sekunde 5 hadi 10, rudia mara 10.

3. Kukutanisha mabega nyuma. Shusha mabega, kisha yavute nyuma ili mifupa ya mgongoni ikaribiane. Shikilia sekunde 5, rudia mara 10.

4. Kunyoosha upande wa shingo. Laza kichwa kuelekea bega la kulia hadi usikie upande wa kushoto ukinyooka. Kaa hivyo sekunde 20, kisha geuza upande. Fanya mara 3 kila upande.

Pamoja na hayo, kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto ya kiasi na kukamuliwa, kikiwekwa shingoni kwa dakika 15, hulegeza misuli. Anayefanya kazi ya kukaa ainuke kila baada ya nusu saa. Anayesoma simu aiinue ifike karibu na usawa wa macho. Kutembea kwa miguu, kulala kwa saa za kutosha, kunywa maji na kula kwa wakati ni sehemu ya tiba.

Mama Kanisa anatufundisha nini?

Wapo waamini wanaodhani kwamba kutafuta tiba ni upungufu wa imani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kinyume chake: mgonjwa amwombe Mungu, aitakase roho yake, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Sala na tiba havishindani. Vimewekwa katika sura moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni tunu tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara, tukijali pia mahitaji ya wengine.

Wapo wanaodhani kwamba maumivu yao ni adhabu. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, naye alikataa kwamba ilikuwa dhambi ya kipofu au ya wazazi wake. Asiwepo basi wa kumwongezea mgonjwa mzigo wa kujilaumu.

Wapo pia wanaopelekwa huku na kule ili wapungwe pepo, wakati hawajawahi kupimwa hata mara moja. Katekisimu, namba 1673, inaagiza kwamba kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba jambo lililopo si ugonjwa. Na kwa sheria ya Kanisa, upungaji rasmi hufanywa tu na padre aliyepewa ruhusa na Askofu wake. Kwenda kwa waganga na kuchanjwa chale kwenye paji la uso si imani wala si tiba. Wembe unaotumika kwa wengi huweza kuambukiza maradhi makubwa kuliko yale yaliyomleta mgonjwa.

Je, mateso hayana thamani? Yana thamani kubwa yanapounganishwa na msalaba wa Kristo. Ndivyo alivyofundisha Mtakatifu Yohane Paulo II katika barua yake ya kitume Salvifici Doloris ya tarehe 11 Februari 1984. Lakini barua hiyohiyo inamalizia kwa kutuweka mbele ya Msamaria Mwema, ambaye hakumhubiria majeruhi juu ya thamani ya mateso. Aliyafunga majeraha yake. Mgonjwa aweza kuyatolea maumivu yake kwa Mungu. Jirani yake hana ruhusa ya kumwacha nayo.

Wajibu wa familia na Jumuiya

Hapa ndipo tiba nyingi hukwama. Mtaalamu humwambia mama apumzishe shingo kwa majuma 6 na afanye mazoezi mara mbili kwa siku. Mama huitikia, hurudi nyumbani, na jioni hiyohiyo hujitwika ndoo kwa kuwa hakuna mwingine wa kuteka maji. Je, tuseme tiba imeshindikana? Hapana, nyumba haikuipa nafasi.

Tunawasihi akina baba: kumpeleka mke hospitali ni nusu ya upendo, na nusu ya pili ni kuchukua ndoo, kuni na kinu wakati wa tiba yake. Vijana wenye baiskeli au mkokoteni wachote maji. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo hukusanyika haraka kwenye msiba, zijifunze kukusanyika kabla ya msiba: zipange zamu za kumsaidia mgonjwa kazi kwa majuma hayo, na zichangie nauli ya kliniki pale panapohitajika. WAWATA waweza kutenga dakika 10 za mkutano wao kujifunza mazoezi haya kutoka kwa mtaalamu aliyealikwa parokiani. Yule mwenye kupooza wa Injili ya Marko, sura ya 2, hakufika mbele ya Bwana kwa miguu yake. Alibebwa na watu 4.

Zaidi ya yote, tumsadiki mgonjwa. Maumivu ya kichwa hayaonekani kama kidonda, wala hayana bandeji. Mtoto anayeshindwa kusoma kwa sababu hiyo si mvivu, na mama anayeomba giza na utulivu chumbani hajidekezi.

Hitimisho

Tarehe 8 Septemba, Kanisa linapoadhimisha Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, ulimwengu huadhimisha pia Siku ya Fiziotherapia Duniani. Yafaa siku hiyo tuwaombee wataalamu hawa, ambao kazi yao ni kuweka mikono juu ya miili iliyochoka na kuisaidia isimame tena wima. Injili ya Luka, sura ya 13, yasimulia juu ya mwanamke aliyeishi akiwa amepindika kwa miaka 18. Bwana alipomwona alimwita, akaweka mikono juu yake, naye akanyooka. Katika nyumba na Jumuiya zetu wamo waliozoeleka katika maumivu yao kiasi kwamba hakuna anayewaona tena. Tuwaone, tuwasindikize wapate kupimwa, na tuwapunguzie mizigo wakati wakitibiwa.

Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.